Kile Kilichotolewa Kilipelekwa Wapi?

Mwanamke akiingia kliniki na uvimbe mpya tumboni, huku ana kovu la zamani chini ya kitovu, mimi huanza na swali ambalo wengi hawalitarajii: ule uvimbe uliotolewa safari ile ulipelekwa wapi? Nataka kujua kama maabara ya patholojia iliupima, majibu yalisemaje, na karatasi iko kwa nani. Kwa uvimbe wa seli za granulosa, aina moja ya saratani ya ovari, majibu hayo ndiyo yanayoongoza matibabu yote yanayofuata.

Uvimbe huu ni nadra. Katika saratani 100 za ovari, ni 2 hadi 5 tu zinazoanzia kwenye seli hizo. Katika rejista ya saratani ya Kampala, iliyoanza mwaka 1954 kuhesabu wagonjwa wa kaunti ya Kyadondo, eneo la Lubaga likiwemo, inayoongoza kwa wanawake ni saratani ya mlango wa kizazi. Hata katika hospitali kongwe kama ile ya Lubaga, iliyoanzishwa na masista wamisionari mwaka 1899, daktari hawezi kutarajia kuuona kila mwezi.

Seli za granulosa hulizunguka yai ndani ya ovari na kutengeneza homoni ya estrojeni. Zikigeuka saratani, nyingi huendelea na kazi hiyo bila kipimo. Ndiyo maana dalili ya kwanza huenda isiwe uvimbe wenyewe: mama wa miaka 55, aliyekwisha kuacha kuona siku zake, anaanza tena kutokwa na damu. Shoga zake humtania kwamba amerudi ujanani. Utani huo una hatari, kwa sababu estrojeni hiyo hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, na humo inaweza kuota saratani ya pili. Kwa msichana mdogo, matiti yanaweza kuota kabla ya wakati wake. Hiyo ni aina nyingine ya uvimbe huuhuu, na ikirudi hurudi mapema.

Chini ya darubini, kiini cha seli hizi kina mfuo katikati, kama punje ya kahawa, na Mganda hahitaji kuelezwa punje ya kahawa ikoje. Mwaka 2009 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwamba karibu kila uvimbe wa aina ya watu wazima una kosa lilelile moja katika jeni iitwayo FOXL2. Kwa hiyo kipande kilichohifadhiwa ndani ya nta maabara kinaweza kupimwa upya hata baada ya miaka mingi. Kilichotupwa hakipimiki.

Saratani ya ovari iliyozoeleka, ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili mitatu. Uvimbe wa granulosa hulala. Wengi hugunduliwa uvimbe ungali ndani ya ovari moja, na katika kundi hilo zaidi ya 90 kwa kila 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Kwa saratani nyingine, miaka mitano ndiyo wakati daktari anapompa mgonjwa mkono wa heri. Kwa hii ni mapema mno: wapo ambao imewarudia baada ya miaka 10, 15, hata zaidi ya 20. Kufikia hapo daktari wa kwanza amestaafu, na daftari la shule ambalo wagonjwa wengi wa Uganda huandikiwa matibabu yao limeliwa na mchwa.

Tena uvimbe huu una damu nyingi na unaweza kupasuka. Mgonjwa huletwa usiku, amepauka, tumbo gumu, na kila mtu anadhani ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Daktari wa upasuaji anaokoa maisha. Ndugu wanakabidhiwa chupa yenye nyama waipeleke maabara, lakini fedha zote zimeishia kwenye damu na dawa. Chupa haifiki. Siwalaumu ndugu hao. Naulaumu utaratibu unaoifanya patholojia iwe gharama ya ziada, kana kwamba operesheni imekamilika bila majibu.

Kampala ingepaswa kuijua thamani ya majibu hayo kuliko miji mingi. Ni katika hospitali yake ya Mulago ambako daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona kwamba watoto wenye uvimbe wa taya huwa na mwingine tumboni, pamoja na kwenye ovari za wasichana. Uvimbe ule unatibiwa kwa dawa, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967 kwa kazi hiyo. Kwa macho, ovari iliyovimba ni ileile; maabara ndiyo inayotofautisha. Kisu kinafaa kwa mmoja, dawa kwa mwingine.

Uvimbe wa granulosa ukirudi, tiba ya kwanza ni kisu tena, ikiwa unaweza kutolewa wote. Hukua polepole, kwa hiyo operesheni ya pili, hata ya tatu, inaweza kumpa mgonjwa miaka. Ukiwa umetapakaa kwenye utando wa tumbo au juu ya ini, hutumika dawa za mishipani: kaboplatini pamoja na paklitakseli, au mchanganyiko wa zamani wa bleomisini, etoposidi na sisplatini. Bleomisini huumiza mapafu, nami siipendi kwa mama aliyevuka umri wa kati. Mionzi hufaa pale uvimbe uliobaki uko mahali pamoja.

Kisha kuna vidonge vya letrozoli na anastrozoli, dawa za saratani ya matiti zinazozuia utengenezaji wa estrojeni. Katika jaribio la anastrozoli lililochapishwa mwaka 2021, ni karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi aliyepungukiwa na uvimbe, lakini kwa wengi ulisimama kukua kwa muda. Kwa ugonjwa wa mwendo wa pole, kusimama si jambo dogo, na kidonge kimoja kwa siku kinamezwa nyumbani bila nauli ya kwenda Mulago.

Ufuatiliaji ni wa maisha yote: kupimwa mwili, ultrasaundi, na kipimo cha damu cha inhibini B pale kinapopatikana. Kipimo maarufu cha CA-125 mara nyingi hakisemi lolote hapa, na mgonjwa asitulizwe nacho. Inhibini nayo ina sharti: ovari nzima iliyobaki huitengeneza pia, hivyo hueleweka vizuri zaidi kwa aliyefikia ukomo wa hedhi au aliyetolewa ovari zote.

Swali ninaloulizwa mwishoni, mgonjwa akiwa ameshasimama, ni la binti. Je, naye atapata? Kosa la FOXL2 huzaliwa ndani ya uvimbe wenyewe. Mama hakulirithi wala hamrithishi mwanawe. Binti hahitaji vipimo vya pekee kwa sababu hiyo. Ila katika ukoo kukiwa na shangazi na mama wadogo waliougua saratani ya matiti au ile ya kawaida ya ovari, hiyo ni habari nyingine, na huyo binti naomba aje tuzungumze.