Sambaza ana majira yake: watoto wake tuwaache kando ya ziwa



Mkulima havunji muhindi ungali kwenye maua. Hata kama njaa iko nyumbani, anajua kwamba akivunja sasa hatapata kitu kesho. Kwenye ziwa ni vigumu zaidi, juu mazao yako chini ya maji na hatuyaoni mpaka taa iwake usiku. Lakini sambaza wa Kivu naye ana majira yake, sawa na muhindi na maharagwe. Tuyapitie pamoja, kisha tuseme neno moja gumu.

Shamba lenye udongo juu tu

Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vidudu vidogo vinavyoelea majini. Alizoea, akazaa, na leo ndiye anayelipa minervali ya watoto wengi pande za Goma, Minova, Kalehe, Idjwi na Bukavu.

Ziwa letu lina kina cha zaidi ya mita 480, lakini samaki hawezi kuishi pote. Chini ya mita 60 hivi, maji hayana hewa ya kupumua, yamejaa gesi. Kwa hiyo Kivu ni kama shamba kubwa lenye udongo mzuri juu tu. Ukiangalia ukubwa wa maji unaweza kufikiri samaki hawaishi. Wanaisha.

Kiangazi: upepo unalima ziwa

Toka mwezi wa sita mpaka wa nane, upepo wa kusini unavuma na maji ya juu yanapoa. Wavuvi wanalalamika, pirogi zinatikiswa. Lakini upepo huo unafanya kazi ya jembe: unachanganya maji ya juu na yale yaliyo chini kidogo, na mbolea iliyokuwa imezama inapanda. Mimea midogo sana ya majini inaota, vidudu vinaila, na sambaza anakula vidudu. Chakula cha miezi inayofuata kinatayarishwa wakati ule tunaponung'unikia upepo.

Kiangazi ni kizuri pia kwa kuanika. Jua likiwa kali, samaki anakauka haraka. Mwanike kwenye chanja kilichoinuka, chenye wavu, hewa ipite juu na chini; chini kwenye mchanga anaokota uchafu na kuku wanamla. Mkumbuke hesabu: kama kilo nne za sambaza mbichi zinatoa kilo moja ya mkavu. Bei ya mkavu ikiwa chini ya mara nne ya mbichi, mmepata hasara kabla hamjafika sokoni.

Mvua: tuuze mbichi, turudi wazima

Mvua zikianza mwezi wa tisa, mambo yanageuka. Samaki haukauki vizuri, anaoza. Wakati huo komite ipange wanunuzi mapema ili beseni liondoke asubuhi ile ile, au samaki wakaushwe kwa moshi. Na dhoruba za usiku zinakuja bila hodi. Mtu asipande pirogi bila jile ya kuogelea. Wingu jeusi likionekana, ekipe irudi. Wavu unanunuliwa tena, mtu hapana.

Mwezi mpevu: siku za kushona

Mchana sambaza anashuka chini, usiku anapanda. Taa inakusanya vidudu na samaki pamoja, ndipo wavu unainuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga umeenea kila mahali, taa yetu inakosa nguvu na samaki wanatawanyika. Siku hizo ekipe nyingi zinabaki nyumbani. Zitumike: kushona nyavu, kuziba pirogi, kufanya hesabu ya mwezi.

Sasa lile neno gumu

Sambaza mdogo hakai katikati ya ziwa. Anakulia kandokando, penye maji mafupi, na akipata nguvu anaenda kwenye maji makubwa. Yule wa kuinuliwa na taa miezi inayokuja, leo anaogelea karibu na magoti yetu. Na hapo hapo ndipo kaningini inapitishwa, na musitikeri iliyotolewa kwa ajili ya mbu. Beseni moja la watoto wa sambaza lina samaki maelfu. Wangeachwa miezi michache, hao hao wangejaza mabeseni mengi. Tunauza mbegu kwa bei ya takataka.

Ni rahisi kusema "wakatazwe, nyavu zichomwe". Lakini ni nani anayevuta kaningini? Mara nyingi ni mama asiye na pirogi, au kijana asiye na shamba, na wanapika usiku ule ule. Ukimnyang'anya wavu bila kumpa njia nyingine, atarudi kesho akiwa amejificha. Wenye pirogi na taa wanaolalamika juu ya kaningini wajiulize: yule mama ana nafasi gani katika koperative yetu?

Tena samaki hajui mpaka. Upande wa Rwanda, kila mwaka uvuvi wa sambaza unasimamishwa kama miezi miwili ili samaki wakue. Kwenye ziwa Tanganyika, Tanzania ilifunga uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti. Kufunga kunawezekana, lakini kunaumiza nyumba isiyo na akiba.

Mambo matatu ya kupeleka kwenye mkutano

Kwanza, kila ekipe iwe na kaye. Usiku mmoja, mstari mmoja: tarehe, mwezi ulivyo, mabeseni mangapi, samaki wakubwa ama wadogo. Mkiona wadogo wamezidi, hameni mahali. Baada ya mwaka mmoja kaye itawaambia majira ya bandari yenu kuliko mgeni yeyote.

Pili, wavuta kaningini wapewe kazi ya chanja na ya kuuza, kwa fungu linalojulikana, kabla ya kuombwa waache wavu. Kazi itangulie, katazo lifuate.

Tatu, kisanduku cha kiangazi. Wiki ya mavuno mazuri, kila ekipe iweke bei ya beseni moja. Pesa hiyo iguswe tu siku ziwa linapofungwa, iwe kwa ajili ya samaki au kwa ajili ya usalama.

Mkikubaliana, andikeni mipaka ya mahali pa kuachwa: toka jiwe gani mpaka mti gani. Sheria isiyo na jiwe wala mti, kila mtu anaivuka akisema hakuiona.