Kitalu nyumba kwetu ni mwavuli

Ukizunguka vijiji vya nyanda za juu, kuanzia Arumeru na Lushoto hadi Kiambu na Nyandarua upande wa Kenya, utakutana na jambo linaloniuma sana: fremu za vitalu nyumba zimesimama tupu, nailoni imechanika inapigwa na upepo, ndani kumeota magugu. Kila fremu ya namna hiyo ni akiba ya mtu au mkopo wa kikundi. Wenyewe walielezwa kwamba wakishajenga, watavuna nyanya mwaka mzima. Msimu wa kwanza walivuna kweli. Uliofuata miche ikaanza kunyauka mmoja mmoja, na hapo ndipo wengi walipokata tamaa.

Naamini tatizo huanza kabla hata shimo la nguzo halijachimbwa, kwa sababu watu hawaulizi kitalu kinakuja kutibu ugonjwa gani. Teknolojia hii ilizaliwa kwenye baridi. Mwaka 1948 Emery Myers Emmert, mtaalamu wa kilimo cha bustani katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, hakuwa na fedha za kujenga nyumba ya kioo, akaamua kutandaza plastiki juu ya fremu ya mbao. Alitaka kunasa joto la jua ili mboga ziote wakati nje bado kuna baridi kali. Mkulima wa Ulaya anayejenga kitalu leo nyuma ya nyumba yake bado ananunua joto.

Sisi joto tunalo, tena kwa sehemu kubwa linatuzidi. Kinachotutesa ni mvua na wadudu. Masika ikikolea, majani ya nyanya hukaa yamelowa kutwa kucha, na bakajani chelewa hupenda ubaridi na unyevu wa namna hiyo hasa. Shamba la wazi linaweza kuteketea ndani ya siku chache, ndiyo maana bei ya nyanya sokoni hupanda mvua zinapozidi. Chini ya paa, majani hubaki makavu. Hapo ndipo kitalu kinaporudisha fedha yake: kinampa mkulima nyanya wakati wenzake hawana, na kinampunguzia dawa za kupulizia. Kwa maneno mengine, unanunua mwavuli. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yote yatabadilika.

Chukua mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Nyanya hufurahia joto la mchana la nyuzi 20 hadi 27 hivi. Likipita 32 na kuendelea, chavua huharibika na maua hudondoka kabla ya kushika tunda. Ndani ya kitalu kilichozibwa kwa nailoni pande zote, joto la pwani hupita kiwango hicho tangu asubuhi. Nimewaona watu wakimwagilia zaidi, wakiongeza mbolea, wakibadilisha mbegu, na maua bado yanaanguka, kumbe mmea unachemka. Kwa pwani, weka nailoni juu tu, na kuta zote nne ziwe za wavu. Kama unapanda mchicha, figili au sukuma wiki, neti ya kivuli yenyewe inatosha, tena kwa gharama ndogo zaidi.

Wavu wenyewe usiudharau. Kantangaze, kile kipepeo mdogo ambaye mabuu wake huchimba majani na kutoboa matunda, alibainika Tanzania na Kenya mwaka 2014, na tangu hapo nyanya ya wazi imekuwa mradi wa kupuliza dawa. Wavu usiotoboka, pamoja na mlango wa pili nyuma ya ule wa kwanza, humzuia mlangoni. Ila wavu wenye matundu madogo sana hupunguza upepo, kwa hiyo lazima uufidie kwa urefu wa paa. Fundi atakushawishi ushushe paa ili uokoe mbao. Mkatalie. Hewa moto hupanda juu, na inahitaji nafasi pamoja na njia ya kutokea, yaani uwazi wa kudumu kwenye kilele, uliofunikwa kwa wavu na kuelekezwa upande ambao upepo unaelekea. Kitalu chenye mita nne katikati ni kitalu cha kupumua.

Sasa udongo, na hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo vitalu vingi vilipofia. Mnyauko bakteria huishi ardhini kwa miaka mingi. Hushambulia nyanya, viazi mviringo, bilinganya na pilipili, hata mnavu. Ukisimamisha kitalu mahali palipokuwa na viazi, huenda umejenga juu ya kaburi la mradi wako. Dalili ni mche wa kijani kunyauka ghafla mchana wa jua bila majani kugeuka manjano. Kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, kisha subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, jibu umelipata. Dawa ya kuponya mche huo hakuna.

Kwa hiyo udongo upimwe kabla ya kununua hata bomba moja. Tanzania kuna maabara za Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro na za TARI Mlingano kule Tanga. Kenya kuna KALRO Kabete. Uliza pia kuhusu minyoo fundo, ambao huvimbisha mizizi na kuudumaza mmea kimyakimya. Udongo ukiwa mchafu, bado njia ipo: panda kwenye vifuko vilivyojazwa mchanganyiko safi usiogusa ardhi, au tumia miche iliyobebeshwa juu ya shina la bilinganya linalovumilia ugonjwa huo. Mlangoni weka beseni la dawa ya kukanyaga, na mgeni akanyage pia, hata kama ni bwana shamba.

Kujenga au kununua? Kwa bustani ya nyumbani ya mita 6 kwa 12, mimi namshauri mtu ajenge mwenyewe kwa nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa, fedha inayobaki aiweke kwenye nailoni na wavu. Mabomba ya chuma yenye zinki yatadumu zaidi ya nguzo, lakini si hayo yanayoleta mavuno. Nailoni ndiyo isikwepeshwe: iwe na kinga ya mionzi ya jua, unene wa mikroni 200, ya kitalu kweli, si ile ya kufunikia mizigo ambayo hupasuka msimu mmoja. Inapogusana na chuma chenye moto ndipo inapochakaa mapema, hivyo paka sehemu hizo rangi nyeupe. Hata ile nzuri utaibadilisha baada ya miaka mitatu hadi mitano, na fedha hiyo ianze kuwekwa tangu mauzo ya kwanza.

Paa linalozuia mvua linaizuia pia kufika kwenye mizizi, jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Kila tone litatoka kwako, kwa mipira ya matone. Lakini paa hilohilo hukinga maji. Kwenye kitalu cha mita 8 kwa 15, kila milimita moja ya mvua ni lita 120. Funga gata pande zote mbili, elekeza kwenye simtanki, na masika itakuachia akiba ya kuvukia wiki za ukame.

Mwisho, usipande nyanya juu ya nyanya bila kupumzisha ardhi, na hoho haihesabiki kuwa mapumziko kwa kuwa ni ya ukoo uleule. Tango linafaa. Lakini wavu unaomzuia kantangaze unamzuia na nyuki, kwa hiyo nyanya utazisaidia kwa kugongagonga kamba zake asubuhi, na tango litahitaji mbegu ya aina inayozaa bila kuchavushwa. Mwulize mwenye duka la pembejeo swali hilo waziwazi, na asipokuwa na jibu, nenda duka lingine.