Ziara za Masomo Katika Shule za Sekondari: Namna Zinavyopangwa na Nafasi ya Kila Mwanafunzi

Kila mwaka, muhula unapofika katikati, shule nyingi za sekondari huanza kuzungumzia safari. Wanafunzi hutaja Dar es Salaam, Mikumi au Bagamoyo. Walimu hutafuta basi la kukodi. Wazazi hupokea barua yenye kiasi cha fedha na tarehe ya mwisho ya kulipa. Siku ya safari inapowadia, basi huondoka na sehemu ya darasa, na sehemu nyingine hubaki shuleni kwa kuwa fedha hazikupatikana nyumbani. Wiki inayofuata mwalimu husimama mbele ya wanafunzi wa aina mbili: walioona na waliosimuliwa.

Makala hii inaeleza ziara ya masomo ni nini, hupitia hatua zipi hadi kuruhusiwa, hugharimiwa vipi, na kwa nini Wilaya ya Kilwa ina nafasi nzuri ya kuandaa ziara ambazo hakuna mwanafunzi anayelazimika kuachwa.

Tofauti ya ziara na matembezi

Ziara ya masomo ni kipindi cha darasani kinachofanyika nje ya darasa. Huanza na mada iliyomo katika muhtasari wa somo, huwa na malengo yaliyoandikwa, na humalizika kwa kazi ambayo mwalimu huisahihisha. Matembezi ya kujiburudisha yana manufaa yake, lakini hayawezi kudai muda wa masomo wala kuitwa ziara ya masomo kwa sababu tu wanafunzi wamevaa sare.

Kigezo ni rahisi. Mwalimu akiulizwa, «Mwanafunzi atajua nini akirudi ambacho kitabu peke yake kisingempa?» na akaweza kujibu kwa sentensi moja au mbili, ziara hiyo ina msingi. Jibu likikosekana, ni busara kuiahirisha hadi lipatikane.

Yaliyomo ndani ya wilaya

Vyanzo vya historia ni miongoni mwa mada ambazo mwanafunzi wa sekondari hukutana nazo mapema: masimulizi, maandishi, mabaki ya kale, makumbusho na maeneo ya kihistoria. Katika sehemu nyingi za nchi, mwalimu hulazimika kuyaeleza haya kwa maneno matupu. Kilwa yako mbele ya macho. Magofu ya Kilwa Kisiwani na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kwa sababu ya kuharibika, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya ukarabati na uhifadhi yaliondolewa humo mwaka 2014. Habari hiyo peke yake ni somo la uraia: urithi usipotunzwa hupotea, na ukitunzwa hurudi.

Akiwa Kisiwani, mwanafunzi husimama ndani ya Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11 na upanuzi wake wenye kuba ni wa karne ya 14. Huona namna mawe ya matumbawe na chokaa vilivyotumika kujenga. Katika Husuni Kubwa, jumba la mwanzoni mwa karne ya 14, huona mabaki ya vyumba vingi na bwawa la pembe nane lililotazama bahari. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuandika habari zake. Wakati huo dhahabu iliyotoka bara, kwa njia ya Sofala, ilipita hapa. Masultani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Na vyombo vya kauri kutoka China vilifika kwa njia ya biashara ya bahari. Ngome iitwayo Gereza huonyesha zama nyingine mbili: Wareno walijenga ngome mahali hapo walipoivamia Kilwa mwaka 1505, na jengo linaloonekana leo ni la zama za Waomani. Kwa hiyo mada ya mawasiliano ya Afrika na Mashariki ya Kati na ya Mbali, ambayo mwanafunzi wa mahali pengine huikariri, mwanafunzi wa Kilwa anaweza kuitembea kwa miguu.

Kilwa Kivinje ina somo la upinzani dhidi ya ukoloni. Mwembe Kinyonga ni mahali panapokumbukwa kwa kunyongwa Hassan bin Omari Makunganya na Wajerumani mwaka 1895. Upande wa milima ya Matumbi kuna Nandete, ambako mwezi Julai 1905 wananchi waling'oa mimea ya pamba iliyolimwa kwa kulazimishwa, na Vita vya Majimaji vikaanza. Wazee wa maeneo hayo wanayo masimulizi waliyopokea kutoka kwa waliowatangulia. Masimulizi ni chanzo cha historia, na chanzo hicho hakisubiri: mzee akiondoka, huondoka nacho.

Masomo ya sayansi na jiografia hayakosi mahali. Pwani ya wilaya ni sehemu ya ardhioevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa, iliyotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2004. Katika ufuko mmoja wenye mikoko, mwanafunzi wa Biolojia anaweza kulinganisha mizizi ya mkoko, inayoshuka kutoka shinani kama nguzo, na mizizi ya mchu, inayochomoza juu ya tope ili kupata hewa. Mwanafunzi wa Jiografia anaweza kupima maji yanavyokupwa na kujaa, akaeleza kwa nini bamvua huja mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Kuhusu nishati, Kisiwa cha Songo Songo ndiko gesi asilia ilikogunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 gesi hiyo husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Mitambo yenyewe huingiwa kwa idhini ya wanaoiendesha, hivyo maombi huandikwa mapema.

Hatua za kupata kibali

Ziara huanza katika idara ya somo. Mwalimu huandika andiko fupi linalotaja mada, malengo, mahali, idadi ya wanafunzi, walimu watakaoambatana nao, usafiri, ratiba ya saa na makisio ya gharama. Andiko hilo hupelekwa kwa Mkuu wa Shule, kisha kwa Bodi ya Shule. Inapohitajika michango ya wazazi, suala huletwa katika mkutano wa wazazi na kuandikwa katika muhtasari wa mkutano huo. Baada ya hapo shule huomba kibali cha Mkurugenzi Mtendaji kupitia Ofisi ya Elimu Sekondari. Wakati huohuo huandikwa barua kwa wasimamizi wa eneo linalotembelewa. Kwa magofu ya Kisiwani na Songo Mnara, wasimamizi ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA.

Mzazi au mlezi hutia saini fomu ya ridhaa. Fomu nzuri hueleza mahali, saa ya kuondoka na kurudi, aina ya chombo, na huacha nafasi ya kutaja maradhi, dawa na namba ya simu ya dharura. Kusaini karatasi tupu yenye jina la mwanafunzi pekee si ridhaa.

Fedha, na mwanafunzi asiye nazo

Hapa ndipo ziara nyingi huharibika. Serikali iliondoa ada katika elimu ya sekondari ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne kuanzia mwaka 2016, na baadaye katika Kidato cha Tano na cha Sita. Ruzuku ya uendeshaji iliwekwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Fedha inayobaki haiwezi kubeba safari ndefu. Kwa sababu hiyo shule huelekea kwa wazazi, na mchango wa mzazi ni wa hiari. Mwanafunzi hapaswi kurudishwa nyumbani wala kunyimwa somo kwa kukosa mchango. Ziara ikiwa ni kipindi cha somo kweli, kumwacha mwanafunzi kwa ajili ya fedha ni kumnyima kipindi.

Mfano wa hesabu unasaidia. Tuseme darasa lina wanafunzi 40, na safari ya mbali inagharimu shilingi 2,000,000. Kila mmoja atatakiwa kutoa shilingi 50,000. Wazazi 15 wakishindwa, shule ina njia mbili mbaya: kuwaacha watoto 15, au kuwapandishia wengine 25 mchango hadi shilingi 80,000. Tuseme badala yake ziara ni ya ndani ya wilaya na inagharimu shilingi 320,000. Mgawanyo ni shilingi 8,000 kwa kila mwanafunzi. Wazazi 15 wakishindwa, pengo ni shilingi 120,000, kiasi ambacho mradi wa elimu ya kujitegemea, kama shamba la ufuta, mikorosho au bustani ya mboga ya shule, unaweza kukiziba.

Kuna mambo matatu ambayo shule yoyote inaweza kuyafanya. Kwanza, kupanga ziara mwanzoni mwa mwaka, ili mzazi achangie kidogo kidogo baada ya mavuno badala ya kudaiwa kwa wiki mbili. Pili, kuweka kauli ya wazi katika andiko kwamba darasa litakwenda lote au ziara itabadilishwa. Tatu, kupokea michango kwa stakabadhi na kuwasomea wazazi mapato na matumizi baada ya safari. Jina la mwanafunzi ambaye hakutoa lisisomwe mbele ya wenzake.

Mwanafunzi mwenye ulemavu huhesabiwa tangu mwanzo. Njia za magofuni hazilingani, na kupanda mashua kunahitaji kusaidiwa. Mwalimu aliyetangulia kukagua eneo atajua ni sehemu zipi zinafikika na nani atamsaidia mwanafunzi huyo.

Usalama barabarani na majini

Basi la kukodi liwe na leseni halali ya LATRA na likaguliwe na Polisi wa Usalama Barabarani kabla ya siku ya safari. Kila mwanafunzi awe na kiti chake. Safari ipangwe kuanza na kumalizika mchana. Umbali mfupi wa ndani ya wilaya hurahisisha jambo hilo.

Kwenda Kisiwani ni kuvuka bahari, japokuwa kivuko ni kifupi. Chombo kiwe kimesajiliwa, kisizidishe idadi iliyoandikwa katika leseni yake, na kila abiria avae jaketi la kujiokolea kabla ya kamba kufunguliwa. Kuwa nalo chini ya benchi hakutoshi. Nahodha ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu hali ya bahari. Akisema leo hakuendeki, mwalimu asimshurutishe kwa sababu chakula kimekwisha kupikwa. Miezi ya masika na ile ambayo kusi huvuma kwa nguvu haifai kwa ziara za majini. Wanafunzi huhesabiwa wanapopanda, wanaposhuka, na tena kabla ya kurudi, kwa kusoma majina. Kukiwa na wasichana katika msafara, awepo mwalimu wa kike.

Kabla na baada ya safari

Ziara isiyotayarishwa huacha picha za simu na njaa ya jioni. Wiki moja kabla, mwalimu hufundisha msingi wa mada na kugawa maswali: kundi moja lichunguze vifaa vya ujenzi, la pili lichore ramani, la tatu limhoji mzee, la nne liorodheshe aina za mikoko. Ndani ya wiki moja baada ya kurudi, kila kundi huwasilisha taarifa. Taarifa bora hubandikwa ubaoni au kuhifadhiwa maktaba, na darasa linalofuata huanza pale lilipoishia la kwanza. Kwa namna hii shule hujijengea kumbukumbu zake kuhusu wilaya yake.

Fursa nyingine kwa mwanafunzi

Ziara ni mlango mmoja. Michezo ya UMISSETA huwafikisha wanafunzi wenye vipaji hadi ngazi ya taifa. Mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya SADC hushirikisha wanafunzi wa sekondari, na maonesho ya Young Scientists Tanzania hupokea miradi ya utafiti ya wanafunzi. Taarifa ya kikundi kilichochunguza mikoko inaweza kuwa mwanzo wa mradi wa namna hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kumfungulia mwanafunzi macho mapema. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 za Kidato cha Tano, 49 kati yake zikiwa mpya. Kijana wa Kidato cha Nne huchagua njia yake katika orodha ndefu kuliko ile ya kaka na dada zake, na aliyewahi kuona mhifadhi, mhandisi wa gesi au mtaalamu wa bahari akiwa kazini huchagua kwa kujua.

Maswali ya mzazi mkutanoni

Mzazi anayeitwa katika mkutano kuhusu ziara ana haki ya kuuliza na kujibiwa: Ziara hii inahusu mada gani? Kuna mahali pa karibu panapofundisha jambo hilohilo? Gharama imegawanywaje, na stakabadhi itatolewa na nani? Wale ambao hawatamudu watakwendaje? Chombo kimekaguliwa lini? Mtoto ataleta kazi gani akirudi?

Majibu hupatikana kwanza kwa Mkuu wa Shule. Yasiporidhisha, mzazi anaweza kuwaona Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Afisa Elimu Kata, na hatimaye Ofisi ya Elimu Sekondari ya Wilaya iliyopo Kilwa Masoko. Ni vema maswali hayo yaulizwe kabla fomu ya ridhaa haijasainiwa, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha mahali, tarehe au gharama ili darasa zima lipate kwenda.