Je, Wajua? Kizazi Hakijamaliza Kazi Mtoto Anapolia

Mjamzito wa Kasulu au Kibondo anayesikia tumbo limekakamaa, kisha likalegea, huambiwa upesi kwamba uchungu umeanza. Si lazima. Mikazo ya kujiandaa, aliyoieleza daktari Mwingereza John Braxton Hicks mwaka 1872, huja bila mpangilio na aghalabu hutulia mama akinywa maji au akijilaza. Uchungu wenyewe hautulii: vipindi hukaribiana na kila mkazo huzidi uliotangulia. Ukianza kabla ya wiki 37, au chupa ikipasuka, au damu ikitoka, asisubiri nyumbani.

Linalosahaulika ni kazi ya mikazo baada ya mtoto kulia, wakati ndugu tayari wanashangilia.

Msuli wa mkono ukikaza kisha ukalegea hurudia urefu wake. Msuli wa kizazi haurudi wote. Kila mkazo wa uchungu huuacha mfupi kidogo, na ndivyo mlango wa kizazi unavyovutwa juu hadi kufunguka. Nyuzi zake za tabaka la kati zimepishana huku na huku, na mishipa ya damu inapita katikati yake. Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita humo kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa huachwa wazi, na nyuzi hizo ndizo zinazoibana. Ndiyo maana mkunga hubonyeza tumbo karibu na kitovu: akikuta kizazi kigumu, vizuri, akikikuta laini, hukisugua papo hapo na kuita msaada.

Mikazo hiyohiyo hutoa kondo, hurudisha kizazi katika udogo wake, na huamshwa tena mtoto akinyonya.

Mitishamba ya kuharakisha uchungu si ya kudharauliwa wala kuchezewa. Miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, aliwakuta wanawake wa Kongo wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata. Ndani yake ikapatikana protini inayokaza kizazi kwelikweli. Lakini kikombe hakina kipimo, na mkazo uliopita kiasi humnyima mtoto hewa, hata kupasua kizazi.

Hospitalini kipimo kipo: sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, mara mtoto anapozaliwa. Dawa hiyo huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Zahanati isiyo na friji ya uhakika huenda ikamchoma mama dawa iliyopungua nguvu. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza pia kabetosini, dawa ya kazi hiyohiyo, ya aina isiyoharibiwa na joto. Zahanati za vijijini ndizo zipewe kwanza.