Kazi ya Masoko na Uhusiano Haipatikani kwa Rundo la Vyeti

Kila msimu wa mahafali ukipita, swali ni lile lile: "Niongeze cheti gani ili nipate kazi ya matangazo, masoko au uhusiano wa umma?" Anayeuliza tayari ana shahada. Juu yake ameweka cheti cha masoko ya kidijitali cha wiki mbili, cha mitandao ya kijamii cha siku tatu, na cha uongozi alichokabidhiwa mwisho wa semina ya hotelini. Sasa anataka kumwomba mzazi ada nyingine. Nasema wazi: usiongeze.

Imani kwamba vyeti vifupi hufungua milango imewagharimu vijana wetu fedha nyingi mno, na wanaoineza ni walewale wanaoviuza. Tuvichambue.

Kuna vyeti vya majukwaa ya matangazo. Mtihani wa Google Ads ni bure, na cheti chake kinaisha muda baada ya mwaka mmoja. Somo lina manufaa, lisome. Lakini anayekutoza ada ili akuandalie cheti hicho anakuuzia kitu ambacho ungekipata nyumbani kwa bando la intaneti na jioni chache za kusoma.

Kuna vyeti vya kuhudhuria. Hivyo vinathibitisha kwamba ulikaa kwenye kiti, basi. Baya zaidi, kozi nyingine bado zinafundisha kununua orodha za namba za simu na kuwarushia watu meseji za matangazo bila ridhaa yao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwajiri makini akikusikia unajivunia ujuzi huo kwenye usaili, anaona kesi inamjia.

Kuna vyeti vya kitaaluma kweli, kama vya Chartered Institute of Marketing ya Uingereza, chombo kilichoanzishwa 1911. Hivyo vina uzito, lakini vinamfaa zaidi aliyekwisha kuingia kazini, kwa sababu anakuwa na soko halisi la kulichambua. Mhitimu asiye na kazi asivikimbilie.

Ninaposaili waombaji huwapa zoezi la kubuni: maji yatakatika Jumamosi, saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni, katika maeneo ya Sinza, Manzese na Mabibo jijini Dar es Salaam, kwa sababu bomba kuu linabadilishwa. Andika taarifa kwa umma isiyozidi maneno 150. Mwenye rundo la vyeti huanza hivi: "Katika kuendeleza jitihada zake za kuboresha huduma, Mamlaka inapenda kuwataarifu wateja wake wote na umma kwa ujumla..." Siku ya kukatika maji unaikuta aya ya tatu. Manzese imesahaulika. Namba ya kupiga haipo. Mama ntilie anayeisoma kwenye simu ameshaiacha, na Jumamosi ndoo zake zitakuwa tupu. Mwombaji mwingine, ambaye uzoefu wake wote ni kuendesha ukurasa wa ligi ya mpira ya mtaani, anaanza hivi: "Maji yatakatika Jumamosi Sinza, Manzese na Mabibo, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni. Jaza vyombo Ijumaa." Huyo ndiye ninayemwita tena. Fani yetu ni kumfikishia mtu jambo linalomhusu, na wewe mhitimu unaweza kuonyesha kwamba unaliweza kabla hujaajiriwa. Daktari hawezi kupasua mgonjwa ili aonyeshe sampuli. Wewe unaweza kuandika tangazo leo jioni.

Basi fanya haya. Tengeneza potifolio ya kazi tatu. Ya kwanza, taarifa kwa vyombo vya habari ya ukurasa mmoja. Ya pili, kampeni ndogo ya biashara halisi: mtafute fundi samani wa Keko, hesabu anapigiwa simu ngapi za wateja kwa wiki, mfanyie matangazo mwezi mzima, kisha hesabu tena. Leta idadi ya simu na oda. "Likes" hazilipi kodi ya fremu. Ya tatu, uchambuzi wa tangazo moja lililoshindwa, na ungelirekebisha vipi.

Kisha chagua mlango. Kampuni za matangazo zina huduma kwa wateja, ubunifu, mikakati, na upangaji wa nafasi redioni, kwenye televisheni na mitandaoni. Wahitimu wengi hugombea ubunifu na kuusahau upangaji, ambao unamtaka anayependa hesabu. Viwanda na benki huajiri maofisa masoko, na wengi huanzia mauzo: usiyadharau. Tanzania, nafasi za maofisa habari na uhusiano serikalini huombwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za umma. TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, huratibu mafunzo ya uzoefu kazini. Nchini Kenya, Tume ya Utumishi wa Umma huchukua wahitimu kwa mafunzo ya miezi 12. Asasi za kiraia nazo zinahitaji waandishi. Ukiandika barua ya maombi, taja kazi uliyoifanya kwenye sentensi ya kwanza, ambatanisha potifolio, na uhakiki jina la kampuni kabla ya kutuma.

Ile ada uliyotaka kuomba kwa mzazi, mwachie.