Mzito Mwenye Sumu: Namna ya Kumchezesha Toxapex

Hapa Kidodi mtu haingii kwenye miwa bila kuangalia anapokanyaga. Anayeogopwa ni kifutu. Nyoka huyu hana mbio: mnene, mzito, husogea taratibu, na akisikia nyayo hakimbii. Hulala palepale kwenye majani makavu yanayofanana naye. Sumu yake nayo haina haraka. Huvimbisha mguu na kuozesha nyama kwa saa na siku.

Nimeanza na kifutu kwa sababu vijana wanaocheza Pokémon kwenye simu wana kosa moja: kila mmoja anataka kiumbe mwenye kasi. Ni kweli, katika mchezo huu wachezaji huamua kwa zamu, na kwa kawaida mwenye kasi hupiga kwanza. Lakini kupiga kwanza si kushinda.

Mtazame Toxapex, aliyeingia mwaka 2016 katika toleo la Sun na Moon. Ni wa jamii mbili, sumu na maji, na umbo lake limetokana na yule kiti cha pweza mwenye miiba anayekula matumbawe. Kasi yake ya msingi ni 35, wakati Garchomp ana 102. Shambulio lake ni 63, dogo kabisa. Kinga zake ndizo zinazotisha: 152 dhidi ya mapigo ya mwili, 142 dhidi ya mapigo ya mbali.

Mpwa wangu alimjaribu siku moja akakata tamaa. "Mjomba, huyu haui mtu," akaniambia. Nikamwambia aweke kalamu na karatasi, tuhesabu pamoja.

Gawa uhai wa adui katika mafungu 16. Ukimtia sumu kwa pigo liitwalo Toxic, zamu ya kwanza linaliwa fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3. Kufikia zamu ya tano yameshakwenda mafungu 15. Asipojitibu wala kutoka uwanjani, ya sita inammaliza. Na kwa kuwa mpigaji ni wa jamii ya sumu, Toxic yake haikosi shabaha. Kazi yako ni kubaki hai zamu hizo sita. Recover inakurudishia nusu ya uhai. Baneful Bunker inakukinga kwa zamu nzima, na anayekugusa anatiwa sumu. Adui akijiongezea nguvu, Haze inazifuta zote. Mpwa wangu alinyamaza, akarudi kwenye simu.

Adui mjanja atamtoa kiumbe wake, maana akitoka hesabu ya Toxic huanza upya kutoka fungu 1, ingawa sumu yenyewe inabaki. Hapo ndipo Toxic Spikes inapofaa. Unatandaza miiba upande wake, na wengi wanaoingia wakiwa wamekanyaga ardhi wanapata sumu. Ukitandaza mara mbili, sumu wanayopata ni ile inayozidi kila zamu. Wanaoruka hawaguswi.

Kosa ninaloliona zaidi ni kumng'ang'aniza Toxapex uwanjani mpaka afe. Mchague mwenye kipaji cha Regenerator: kila unapomtoa, anarudishiwa theluthi ya uhai wake bila kutumia zamu kujitibu. Kwa hiyo mtoe mapema, akiwa bado na nguvu ya kurudi. Tangu matoleo ya mwaka 2022 jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu idadi ya msingi ya kutumia Recover ilipunguzwa kutoka 10 hadi 5. Anayejitibu ovyo anaishiwa katikati ya mechi.

Wapo wa kuwakwepa. Jamii ya chuma na jamii ya sumu haziingiwi na Toxic. Mapigo ya ardhi, umeme na nguvu za akili yanamuumiza maradufu, kwa hiyo Garchomp akiingia na tetemeko lake, usibaki kumtazama. Taunt nayo inamzuia kwa zamu kadhaa kutumia Toxic, Recover na Haze, ikimpata, mtoe.

Mashindano rasmi ya dunia ni habari nyingine. Huko hupigana wawili kwa wawili, na mchezaji huchagua wanne kati ya sita. Mechi huisha haraka, sumu haipati muda wa kukomaa, na adui anaweza kuwaelekeza wote wawili kwa mzito wako. Wazito huko hubebwa na Trick Room, ambayo kwa zamu tano humfanya mwenye kasi ndogo apige kwanza. Ila hiyo inamfaa mzito mwenye pigo kubwa, kama vile Torkoal, na Toxapex hana pigo hilo.

Kwa mechi za mmoja kwa mmoja ninamweka kwenye timu bila kusita. Kwa wawili kwa wawili ninamwacha, na ninakushauri nawe umwache.