Newman na Elimu ya Kukuza Akili
Mwaka 1852, mjini Dublin, padri Mwingereza John Henry Newman alitoa mihadhara kuhusu chuo kikuu ambacho Wakatoliki wa Ireland walikusudia kukianzisha. Alishikilia kwamba maarifa yana thamani yenyewe, hata yasipoleta ajira. Mwanafunzi asome fasihi, historia, sayansi na teolojia ili aone jinsi taaluma zinavyohusiana na kurekebishana. Kujaza kichwa tu hakutoshi. Newman hakudharau udaktari wala sheria. Aliamini, na hapa ndipo penye nguvu ya fikra yake, kwamba akili iliyozoezwa kupima hoja huifaa kazi yoyote. Chuo kilifunguliwa 1854, bila idhini ya serikali ya kutoa shahada, na Newman, aliyekuwa mkuu wake, akajiuzulu 1858.